Mwisho Ambao Haukuwemo Kitabuni

Belo la mitumba lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa wino mweusi: nguo za watoto, daraja la kwanza.

Elinipendo alikata kamba zake Jumanne moja ya Januari, mwaka 1996, pale soko la Kiboriloni. Wenzake walikuwa wamesogea karibu, maana belo likifunguliwa kila mtu anataka kuona lina nini kabla mteja hajatia mkono.

Ndani hakukuwa na soksi hata moja.

Vitabu.

Vitabu juu, vitabu katikati, vitabu chini. Vyote vya Kiingereza. Vingine vimelowa pembeni, vingine havijawahi kufunguliwa. Na majalada yake sasa: msichana amekaa juu ya mnyama mwenye mabawa, kijana ameshika fimbo inayotoa moshi wa kijani, mbuzi mwenye pembe za kioo.

Elinipendo alikaa chini kwenye turubai lake, akanyoosha miguu. Aliyemuuzia alikuwa ameshamwambia sheria ya mjini: belo likikatwa kamba halirudi.

Wadau, mimi sikuwepo. Nilikuwa sijazaliwa. Lakini huyo Elinipendo ni bibi yangu, na binti yake Gladness ni mama yangu mkubwa; habari hii amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba nikifumba macho naliona lile turubai. Amenipa ruhusa niiweke hapa kwa sharti moja, nisiongeze chumvi.

Haya, twende.

Gladness alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliopita, na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa ukutani, alisoma orodha kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Jina lake halikuwepo.

Tangu hapo alikuwa hataki kutoka nje. Mama yake ndiye aliyemburuta sokoni, akamwambia kama ni kulia basi alie huku anakunja nguo.

Sasa nguo zenyewe ndiyo hizo hazipo.

Siku ya kwanza vitabu havikupata mteja. Siku ya pili alikuja muuza karanga, akachukua vitatu. Alikuwa anataka karatasi za kufungia.

Akakaa palepale pembeni, akaanza kuchana ukurasa mmoja mmoja na kuviringa.

Gladness akaokota ukurasa uliodondoka. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, cha kusema hiki ni kiti na ile ni meza. Lakini aling'ang'ana na mstari wa juu mpaka ukafunguka. Ulisema kwamba msichana alilificha joka kwenye banda la kuku.

Akasoma tena. Kweli, joka. Kweli, banda la kuku.

Kilichomsumbua hakikuwa joka. Alitaka kujua kuku walipata nini.

Akamfuata muuza karanga, akamwomba arudishe kitabu, akampa magazeti ya zamani badala yake. Halafu akamwambia mama yake kwamba vitabu hivi visiuzwe tena kwa mtu wa karanga. Elinipendo alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima mtoto huyu kutaka kitu. Akakubali.

Kamusi waliipata kwa Fundi Filemon, mshonaji wa jirani, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa mpagazi wa watalii mlimani miaka kumi na moja kabla ya magoti kugoma. Kiingereza chake Filemon alikiokota kwa wageni njiani, kwa hiyo kilikuwa na upungufu wa aina yake. Maneno yote ya maumivu ya kichwa, kutapika, baridi, malengelenge na kukata tamaa aliyajua. Ukimuuliza neno la sherehe anakwama.

Kumbe kwa vitabu vile ilitosha kabisa. Kila shujaa alikuwa anasafiri, ana baridi, ana malengelenge na amekata tamaa.

Kusoma kwa sauti kulianza bila mpango. Siku moja Gladness alicheka peke yake, mama yake akauliza anacheka nini, akamweleza. Mwanamke wa meza ya pili akauliza wanacheka nini, akaelezwa naye. Baada ya wiki mbili ikawa desturi: saa tisa alasiri, wateja wakipungua, wanawake saba au wanane wanasogeza vigoda kwenye turubai la Elinipendo. Gladness anafungua kitabu, anasoma kimoyomoyo kifungu, halafu anakisema kwa Kiswahili.

Kusoma kwa namna hiyo ni kazi. Jioni anafika nyumbani sauti imekauka, na asubuhi anaamka mapema kuandaa kurasa za siku hiyo, kamusi magotini.

Kitabu cha joka kilichukua mwezi mzima. Wanawake wa Kiboriloni walilipenda joka lile kwa sababu zao. Mmoja alitaka kujua kama mbolea yake inafaa kwenye mgomba. Walibishana siku mbili. Mwingine alisema mama wa yule msichana ni mzembe, haiwezekani mnyama akae bandani wiki tatu na mwenye nyumba hajui.

Kuku, kwa taarifa yenu, walisalimika wote.

Baada ya hapo kikaja kitabu cha pacha wawili wanaosikia mawazo ya ng'ombe. Hapo watu walicheka mpaka Fundi Filemon akashona mguu wa suruali upande wa ndani. Kikaja cha shule inayofundisha watoto kuita mvua. Hicho hakikuwapendeza sana, walisema walimu wake ni wakali bila sababu na mvua yenyewe haifiki shambani. Kikaja kimoja kisicho na uchawi wowote, cha binti ambaye wazazi wake wameachana, amehamishwa mji wa theluji, hana rafiki. Gladness alidhani watakichoka. Siku ya binti yule kula chakula cha mchana peke yake chooni ili wenzake wasimwone, wanawake wawili walifuta macho kwa ncha ya kitenge, na mmoja akasema hata yeye alipoolewa Machame aliwahi kula hivyo.

Kuna jambo lilikuwa linamtokea Gladness pia, ingawa hakuna aliyelitaja. Alikuwa ameacha kuinamisha kichwa. Walimu wa shule ya jirani wakipita sokoni alikuwa anawaamkia shikamoo kwa sauti, wakati mwanzo alikuwa anajificha nyuma ya nguo za majirani zilizotundikwa.

Mwezi wa nane akafungua kitabu kinachoitwa, kwa Kiswahili chake, Taa ya Mfalme Kipofu.

Na hapa inabidi niwaeleze habari za Lukresia.

Lukresia alikuwa anateremka kutoka Kilema, huko mlimani, mara mbili kwa wiki na mikungu ya ndizi. Pale sokoni walimwita Mama Ndizi. Mwanamke wa maneno machache, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni hata akiwa amebeba mzigo. Mwanawe Kornel alikuwa ameondoka nyumbani miaka miwili nyuma kwenda machimbo ya Mererani. Aliapa mbele ya baba yake kwamba harudi bila jiwe la thamani. Baba akafariki mwaka uliofuata, na Kornel hakuja hata kuzika. Hakuna barua, hakuna salamu. Wengine walisema amekufa shimoni. Hawakusema mbele ya Lukresia.

Lukresia alikuwa anasikiliza hadithi kama wengine, akimenya ndizi zilizoiva sana za kugawia watu. Hakuwahi kuuliza swali.

Basi hicho kitabu cha taa kilikuwa na kijana anaitwa Orini. Nchi yao jua linafifia. Mfalme kipofu anatangaza kwamba chini ya mlima kuna taa, anayeileta ataokoa wote. Orini anamuaga mama yake, anaapa harudi bila taa, anashuka kwenye ngazi za mawe zisizoisha.

Siku Gladness aliposoma kile kiapo, Lukresia aliacha kumenya.

Kuanzia hapo siku zake mbili hazikumtosha. Alianza kuja mara tatu kwa wiki. Mara nyingine akaja bila ndizi.

Wiki nne walishuka na Orini. Ziwa la chini kwa chini, popo weupe, mzee anayeuza vivuli. Sokoni pote watu waliuliza amefika wapi. Na Gladness, kwa kuwa alikuwa anaandaa kurasa asubuhi, ndiye aliyetangulia kufika mwisho.

Alifika akiwa jikoni, chai imechemka na kumwagika.

Orini anaipata taa. Lakini taa ile lazima ishikwe na mtu, ikiwekwa chini inazimika. Kwa hiyo anabaki. Anasimama kule chini, ameinua mkono, na mwanga unapanda kupitia ufa wa mlima mpaka kwenye jua. Mama yake amekaa mlangoni kwake, anaona mwanga unarudi duniani, anajua mwanawe hatarudi. Kitabu kinaishia hapo.

Gladness alilia jikoni. Baadaye aliniambia ulikuwa mwisho mzuri kuliko yote aliyowahi kusoma, na kwamba aliuchukia kwa moyo wake wote.

Saa tisa vigoda vilikuwa vimejaa. Lukresia alikuwa mbele.

Gladness akafungua kitabu. Akasoma vizuri mpaka Orini anaikaribia taa. Halafu akainua macho, akakutana na uso wa yule mama, na ulimi wake ukaenda njia nyingine.

Akasema mama wa Orini alichoka kukaa mlangoni. Akajifunga kitenge, akachukua kipande cha ndizi ya kuchoma, akateremka ngazi zile mwenyewe. Akasema mama alivuka ziwa, akawafukuza popo kwa pindo la kitenge, akamkuta mwanawe amekaa gizani kabla hata hajaigusa taa, anaona aibu kwa sababu hana cha kurudi nacho. Na mama akamwambia kijana, "Mimi sikukutuma taa. Inuka twende."

Na taa, wakauliza. Gladness akasema waliichukua pamoja, mmoja akichoka mwenzake anashika, mpaka juu.

Wanawake walipiga makofi. Fundi Filemon alipenga kamasi kwenye kitambaa cha mteja.

Lukresia alinyanyuka, akakunja kitambaa chake, akaaga, akaondoka. Wiki mbili hakuonekana sokoni. Watu walisema yuko kwenye kuchuma kahawa. Gladness alikosa usingizi, akidhani amemuumiza. Aliporudi, alikuwa yuleyule wa maneno machache, na hadithi nyingine ikaanza.

Sasa Desemba.

Mnajua Desemba ya kwetu. Kila Mchaga aliyeko Dar, Mwanza, hata Zambia, anarudi kula Krismasi kwao. Soko linajaa sura ngeni zenye viatu visafi. Fundi Filemon akaja na wazo: kwa kuwa mwaka unaisha, tuchague hadithi ya mwaka, kama redioni wanavyochagua wimbo. Akagawa vifungo vya shati, kimoja kwa kila msikilizaji, maana kufikia hapo walikuwa wameshavuka ishirini. Vitabu vikapangwa juu ya turubai, kila mtu akaweka kifungo chake juu ya anachokipenda.

Joka lilipata vifungo vitano. Binti wa theluji vinne. Ng'ombe viwili, na Filemon alikana kwamba kimoja ni chake.

Taa ya Mfalme Kipofu ilipata kumi na moja.

Filemon alikuwa na mtoto wa kaka yake, Yoramu, aliyekuwa anasoma chuo kikuu. Kijana mwenye miwani, mstaarabu, amekuja likizo. Aliona ushindi ule, akaomba akiazime kitabu. Gladness alitafuta sababu ya kukataa, hakuipata.

Alirudi nacho Jumamosi, saa tisa, vigoda vimejaa.

Yoramu hakuwa na nia mbaya, na mama mkubwa hulisisitiza hilo kila anaposimulia. Alikuwa amekipenda kitabu. Alitaka watu wa kukizungumza naye. Akakaa, akawasifu kwa kuchagua vizuri, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ila ninyi mnasema mama yake alimfuata. Kitabuni hakutoka pale mlangoni. Kijana alibaki kulekule."

Cherehani ya Filemon ikasimama.

Mwanamke mmoja akamwambia ameruka kurasa. Yoramu akafungua ukurasa wa mwisho, akautafsiri taratibu, neno kwa neno. Mkono ulioinuliwa. Ufa. Mwanga. Mama mlangoni.

Hakuna aliyemtazama Lukresia, na kila mtu alikuwa anajua amekaa wapi.

Kisha manung'uniko yakaanza. Muuza sufuria akauliza kama na joka lilikuwa uongo. Mwingine akasema basi mwaka mzima tumeachia biashara zetu tusikilize mambo ya kutungwa na mtoto. Elinipendo alisimama kumtetea binti yake, lakini binti akamtangulia.

Gladness alisimama. Ile orodha ya ukutani ilikuwa na aibu yake, lakini hii ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu kule alishindwa, huku alidanganya.

Akasema, "Nilibadilisha mwisho huo tu. Vingine nilisema nilivyoelewa. Huo nilishindwa kuusema."

Hakueleza kwa nini. Yoramu alianza kuelewa kitu, akavua miwani.

Aliyefuata kusema ni Lukresia.

"Mimi nilijua siku ileile," alisema.

Watu wakageuka.

Akaeleza, bila haraka, kwamba hajui Kiingereza lakini ana macho. Siku ile mtoto alisimulia muda mrefu, mama kashuka ngazi, kavuka ziwa, kapanda, na muda wote huo hakugeuza ukurasa hata mmoja. Na alikuwa anamtazama yeye. Kwa hiyo alijua kitabuni kijana hakurudi, na mtoto huyu ameogopa kumwambia.

"Zamani mlikuwa mnaniita Mama Kornel," akasema. "Tangu aondoke mkaanza kuniita Mama Ndizi. Nikafikiri mmemsahau. Miaka miwili hakuna aliyeniuliza habari zake. Siku ile ndiyo nikajua kumbe mnamkumbuka, mnaogopa tu kusema."

Alisema alitembea kutoka sokoni akiwa analia na akiwa na nguvu, vyote kwa pamoja. Kesho yake alipanda gari mpaka njia panda ya uwanja wa ndege, akadandia lori la mchanga mpaka Mererani.

Hapo hata muuza sufuria alisogeza kigoda.

Siku tisa aliuliza kwa wanaapolo, vijana wanaoshuka mashimoni, wakiwa weusi kwa vumbi mpaka kope. Wa kwanza hawakumjua. Siku ya tisa mmoja akasema, Kornel yupi, Kornel Chapati?

Alimkuta kwenye kibanda cha mabati, aproni kiunoni, anasukuma unga. Jiwe lilimwangukia mguuni mwaka wa kwanza, akashindwa kushuka tena shimoni, akaanza kuwapikia wenzake. Jiwe la thamani hajawahi kulishika. Habari ya kifo cha baba yake aliipata imeshapita miezi minne, na kuanzia hapo aibu ikamfunga kabisa.

"Nilimwambia alivyosema yule mama wa kwenye hadithi," Lukresia akasema. "Sikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nimechoka. Tukarudi wote nyumbani."

Elinipendo ndiye aliyeuliza kwa nini hakuwaambia muda wote huo. Lukresia akajibu kwamba Kornel mwenyewe alimwomba asitangaze mpaka atakapojiandaa kukutana na watu, na aliogopa akisema mapema kijana atabadili mawazo.

"Anakuja hapa sokoni Jumatatu," akasema. Kisha akaongeza, kama anayemsema mtu wa nyumbani, kwamba yule mtoto wake kabla ya kuondoka hakuwahi kuchemsha hata maji, na sasa anamfundisha yeye kukanda unga.

Kicheko kilichotoka pale, mama mkubwa anasema, kilisikika mpaka barabara kuu.

Kornel alikuja kweli. Mrefu, mwembamba, anachechemea, anakohoa kidogo, ameshika kofia mkononi kama mtu anayeingia kanisani. Alipita meza kwa meza akiwaamkia wakubwa, na kila meza walimkaribisha kwa jina. Alipofika kwa Gladness, aliomba asimuliwe hiyo hadithi ya taa. Akasikiliza mpaka mwisho, miisho yote miwili, kisha akasema aliyeandika hajawahi kushuka shimoni. Huko chini hakuna popo weupe, kuna vumbi na joto na watu wanaotukana.

Krismasi ile, familia ya Elinipendo, Walutheri safi, walipanda Kilema kula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kwa Wakatoliki. Yoramu naye alialikwa. Alitumia mchana mzima kumwomba radhi Gladness, mpaka akaudhi. Lakini kabla hajarudi chuoni alimweleza kuhusu mtihani wa QT, kwamba asiyechaguliwa anaweza kusoma mwenyewe, na akiufaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Akamwachia vitabu vyake vya zamani.

Ilimchukua Gladness miaka miwili. Alifaulu. Leo ni mwalimu wa Kiingereza, na wanafunzi wake wanamwogopa kidogo.

Kornel alikaanga chapati Kiboriloni mpaka alipooa na kuhamia Himo.

Nilipomwambia mama mkubwa nitaandika kwamba uongo wake uliokoa mtu, alinikatalia. Alisema bahati ilikuwa upande wake. Kama Lukresia angefika kule akaonyeshwa kaburi, ule mwisho wa kutunga ungekuwa ukatili, na yeye asingekuwa na mahali pa kuuweka uso wake.

Anachojilaumu ni kitu kingine kabisa. Mwaka mzima alikaa hatua mbili kutoka kwa yule mama, akamsimulia majoka na popo na wafalme, na hakuwahi kumuuliza swali moja dogo: Mama, Kornel hajambo?

Basi funzo ndilo hilo, nawaachia kama nilivyopewa. Kama kuna mtu karibu yako ambaye wa kwake amepotea, amefungwa, anaumwa, au ameondoka bila kuaga, usimzunguke. Usimbadilishie jina kwa kumhurumia. Muulize habari za mtu wake, na umtaje kwa jina.